Masika hayasubiri fundi: Namna ya kuandaa tenki la maji nyumbani Kibiti na delta ya Rufiji

Kwa wakazi wengi wa delta ya Rufiji, maji hayajawahi kuwa machache kwa macho. Yapo mbele ya nyumba, yapo nyuma ya nyumba, na siku za bamvua yanaweza kuingia mpaka uani. Ishu ni kwamba mengi hayanyweki.

Ndiyo maana bati, gata na simtanki lililosimama pembeni ya ukuta si mapambo. Kwa kaya nyingi za huku, hicho ndicho kisima cha karibu chenye maji yasiyo na chumvi.

Lakini kisima hiki hujazwa kwa msimu. Mvua za masika katika ukanda wa Pwani ni za Machi hadi Mei, na za vuli ni za Oktoba hadi Desemba. Mvua kubwa ya kwanza ikikuta gata limeng'oka na tenki lina tope, maji yanaenda zake baharini na wewe unabaki na madumu matupu. Kazi yote ya maana hufanyika kabla: Februari kwa ajili ya masika, Septemba kwa ajili ya vuli.

Hivi ndivyo unavyojiandaa, hatua kwa hatua.

Kwa nini maji yana chumvi?

Mto Rufiji unaingia Bahari ya Hindi kwa midomo mingi, mkabala na kisiwa cha Mafia. Katikati ya midomo hiyo kuna vijito, visiwa na mikoko, msitu wa mikoko mkubwa kuliko mwingine wowote katika pwani ya Afrika Mashariki, wenye takriban hekta 53,000. Sehemu kubwa ya delta sasa iko Wilaya ya Kibiti, iliyomegwa kutoka Rufiji, kuanzia bandari ya Nyamisati hadi maeneo ya Mbwera, Salale, Msala na Kiongoroni.

Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Mto ukiwa na nguvu, husukuma maji ya chumvi nyuma. Kiangazi kikikaza na mto ukapungua, chumvi hupanda juu zaidi kwenye vijito.

Chini ya ardhi mambo yako hivyohivyo. Maji ya mvua yaliyozama ni mepesi kuliko ya bahari, kwa hiyo hukaa juu yake kama mafuta juu ya mchuzi. Kisima kifupi huchota hayo ya juu. Ukichota mno, au mvua ikikawia, chumvi ya chini inapanda. Ndiyo maana kisima kilichokuwa kizuri Juni kinaweza kukukunja uso Januari.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulikosea: kuchemsha hakuondoi chumvi. Kunaua vijidudu, basi. Tena maji yakipungua sufuriani kwa mvuke, chumvi inabaki yote, hivyo ladha inakuwa kali zaidi. Dawa za kutibu maji nazo ni hivyohivyo, zinaua vijidudu lakini haziigusi chumvi.

Na chumvi si suala la ladha tu. Katika pwani ya Bangladesh, ambako nako mito mikubwa hukutana na bahari, watafiti wamehusisha maji ya kunywa yenye chumvi na shinikizo la juu la damu, hasa kwa wajawazito. Kwa hiyo mjamzito au mtu mwenye presha ndani ya nyumba ana sababu ya kwanza ya kunywa maji ya tenki.

Piga hesabu: bati lako linatoa maji kiasi gani?

Hesabu yenyewe ni rahisi. Milimita moja ya mvua ikinyesha kwenye mita moja ya mraba ya paa, unapata lita moja.

Chukua nyumba yenye paa la mita 8 kwa 6. Hiyo ni mita za mraba 48. Mvua ya milimita 20 ikinyesha, paa linapokea lita 960. Toa sehemu ya tano kwa yanayoruka, yanayovuja na yanayobaki juu ya bati. Unabaki na lita 768, sawa na madumu 38 ya lita 20, kwa mvua moja tu.

Sasa angalia matumizi. Viwango vya Sphere, vinavyotumika na mashirika ya misaada duniani, vinataja lita 7.5 kwa mtu kwa siku kuwa kiwango cha chini kabisa cha kunywa, kupika na usafi wa lazima. Kaya ya watu sita inahitaji lita 45.

- Tenki la lita 1,000 litawatosha siku 22.
- Tenki la lita 2,000 litawatosha siku 44.
- Tenki la lita 5,000 litawatosha siku 111.

Masika yakiisha mwishoni mwa Mei na vuli ikianza Oktoba, kuna siku 122 katikati. Maana yake tenki la lita 5,000 likijaa vizuri na likatumika kwa kunywa na kupika tu, linaifikisha kaya hiyo karibu na mlango wa vuli. La lita 1,000 halifiki hata Julai.

Kwa hiyo sheria ya nyumba iwe moja: maji ya tenki hayafui nguo wala hayaoshi baiskeli. Kufua, kudeki na kumwagilia, tumia kisima, hata kama kina chumvi kidogo.

Hatua ya 1: Panda uangalie paa

Majani, kinyesi cha ndege, vumbi na mijusi iliyokufa, vyote hivyo vinashuka na mvua ya kwanza. Fagia bati. Kata matawi ya mwembe au mnazi yanayoning'inia juu ya paa, maana ndege na panya hupitia humo.

Kagua kutu. Huku hewa ya bahari inakula bati haraka, hasa kwenye misumari na kwenye maungio. Bati lenye matundu badilisha au ziba. Usipake rangi ambayo hujui kama ni salama kwa maji ya kunywa.

Kazi ya juu ifanyike asubuhi, bati likiwa kavu na halijapata moto, na mtu mwingine ashike ngazi.

Hatua ya 2: Gata na bomba

Mwaga ndoo ya maji upande wa juu wa gata uangalie yanavyokwenda. Yakituama katikati, gata limelala. Linatakiwa kushuka kama sentimita moja kwa kila mita kuelekea kwenye bomba la tenki.

Angalia na fishabodi ambayo gata limepigiliwa. Mbao ikioza, mvua kubwa inaangusha gata lote kwa mpigo. Maungio yanayovuja yanazibwa kwa silikoni, lakini subiri yakauke kabisa kwanza.

Hapo ndipo kaya nyingi hupoteza maji: paa zuri, tenki zuri, ila gata limefungwa upande mmoja tu wa nyumba. Nusu ya mvua inamwagika chini. Kama una pesa ya kitu kimoja tu mwaka huu, maliza gata kabla ya kununua tenki la pili.

Hatua ya 3: Mwaga maji ya kwanza

Mvua inapoanza, maji ya mwanzo ndiyo yanayoosha paa. Hayo hayaingii kwenye tenki.

Kwa paa letu la mita za mraba 48, mwaga angalau lita 24, zaidi kidogo ya dumu moja. Zipo njia mbili.

Ya bure: acha kipande cha mwisho cha bomba kiwe cha kuchomoa. Mvua ikianza, kigeuze kielekee nje ya tenki. Paa likishaoshwa na maji yakawa meupe, rudisha. Tatizo ni kwamba mvua ya saa tisa usiku inahitaji mtu wa kuamka.

Ya pili: weka bomba la kusimama lililozibwa chini, kabla ya njia ya kuingilia tenkini. Maji machafu hulijaza kwanza, likishajaa yanayofuata huenda kwenye tenki. Bomba la PVC la inchi 4 hubeba karibu lita 8 kwa kila mita, hivyo mita tatu zinatosha. Kama ukuta ni mfupi, unganisha mawili ya mita moja na nusu. Chini weka kizibo cha kufungua, na baada ya kila mvua kifungue maji yatoke. Ukisahau, mvua inayofuata uchafu wote unaingia ndani.

Hatua ya 4: Osha tenki

Fanya kazi hii tenki likiwa limebakiza maji kidogo, ili usimwage mengi. Hamishia yaliyobaki kwenye madumu safi yenye vifuniko.

1. Toa tope la chini kupitia koki ya kumwagia, au lilaze tenki kama ni dogo.
2. Sugua kuta za ndani kwa brashi ya mpini mrefu na maji. Usitumie sabuni ya unga, inaacha povu na ladha.
3. Changanya jiki ya kawaida isiyo na manukato, kikombe kimoja hadi kimoja na nusu cha chai kwa ndoo ya lita 20. Sugua au nyunyizia kuta zote, sakafu na kifuniko. Acha kwa nusu saa.
4. Suuza mpaka harufu kali iishe, na fungua koki ili bomba lake nalo lisuuzike.

Tahadhari hapa si ya kupuuza. Usichanganye jiki na sabuni ya chooni, siki au kemikali nyingine yoyote, kwa sababu inaweza kutoa hewa ya sumu. Usiingie ndani ya tenki lililofungwa ukiwa peke yako. Mtoto asitumwe humo eti kwa sababu ni mdogo na anapita mdomoni.

Hatua ya 5: Msingi, kifuniko na koki

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Tenki la lita 1,000 likijaa ni tani moja, la lita 5,000 ni tani tano. Kwenye udongo wa delta unaolainika wakati wa mvua, uzito huo unazama upande mmoja, tenki linainama, na koki inakatika.

Shindilia udongo, panga matofali au mwaga zege, na hakikisha kitako chote cha tenki kimekaa. Tenki la plastiki lisininginie ukingoni hata kwa sentimita chache. Inua msingi kiasi cha ndoo kuingia chini ya koki, na kama nyumba iko bondeni, inua juu ya alama ya mafuriko yaliyopita. Warufiji wanaojenga dungu shambani wanaijua akili hii: kitu cha thamani hukaa juu ya maji.

Kifuniko kifungwe. Kwenye mdomo wa kuingilia na bomba la kumwagia ziada, funga wavu mdogo wa kuzuia mbu. Mbu aina ya Aedes, anayeeneza dengue iliyosumbua sana Dar es Salaam mwaka 2019, hutaga kwenye vyombo vya maji safi majumbani, na tenki la wazi ni mwaliko tosha. Kifuniko pia kinalinda watoto wasitumbukie.

Koki ikaguliwe nayo. Inayodondosha tone baada ya tone inaweza kumaliza ndoo nzima kwa siku. Thredi tepu na dakika kumi za fundi bomba zinatosha kuokoa maji ya kiangazi.

Nyumba ya makuti je?

Maji yanayopita kwenye makuti au nyasi hutoka na rangi ya chai, takataka na wadudu. Kwa kunywa hayafai.

Suluhisho si lazima kubadilisha paa lote. Kibanda kidogo cha bati cha mita 3 kwa 4, hata cha jikoni au cha kuku, kina mita za mraba 12. Mvua ileile ya milimita 20 inakupa kama lita 192, zaidi ya madumu tisa. Ukikosa bati, turubai safi lililofungwa kwenye miti minne na kuinamishwa kwenye pipa hufanya kazi ya dharura. Paa la shule, msikiti au zahanati nalo ni kubwa, na kijiji kinaweza kukubaliana kulivuna kwa pamoja.

Mto ukifurika

Kuna kitu cha kukumbuka kuhusu Rufiji: mafuriko yake hayategemei mvua ya kwenu tu. Mto huu unabeba maji ya Kilombero, Great Ruaha na Luwegu, kutoka mbali sana na Kibiti. Jua linaweza kuwaka nyumbani na mto ukawa unapanda.

Masika ya 2024 yanakumbukwa. Aprili mwaka huo makazi na mashamba ya Rufiji na Kibiti yalizama. Tarehe 25, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba mvua na mafuriko vilikuwa vimeua watu 155 nchini. Mwanzoni mwa Mei, Kimbunga Hidaya nacho kikafika Mafia.

Kwa hiyo tenki liandaliwe na kwa siku hiyo pia. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, na matangazo ya serikali ya kijiji kuhusu kina cha mto yafuatilie kila siku masika yanapokolea.

*Kabla maji hayajafika:*

- Usiache tenki tupu. Tupu huelea kama boya na kuondoka na mabomba yake. Lijaze, kisha lifunge kwa kamba imara kwenye nguzo au ukuta.
- Kaza kifuniko na funga koki.
- Jaza madumu yenye vifuniko na uyaweke sehemu ya juu, au uwe tayari kuondoka nayo.
- Ukiambiwa uhame, hama. Tenki hununuliwa tena.

*Maji yakishapungua:*

- Kama mafuriko yalifika usawa wa kifuniko au bomba la ziada, chukulia kwamba maji ya ndani yamechafuka, hata yakiwa meupe. Yamwage, rudia Hatua ya 4 yote.
- Kama yaliishia chini ya hapo na tenki halina ufa, osha koki kwa jiki kabla ya kuifungua, kisha tibu maji ya kunywa kama kawaida.
- Kisima kilichofunikwa na mafuriko kisinywewe mpaka kimesafishwa na kutiwa dawa. Muone afisa afya wa kata au ofisi ya RUWASA ya wilaya.

Sababu ya ukali huu ni vyoo. Mafuriko huchanganya shimo la choo na kisima, na hapo ndipo kipindupindu hupata njia. Mtu akianza kuharisha maji matupu, mpe ORS mara moja na mpeleke kituo cha afya bila kusubiri kesho.

Maji ya tenki yanyweke yalivyo?

Hapana. Maji ya mvua hayana chumvi, lakini yamepita kwenye paa. Yatibu kabla ya kunywa, kwa njia mojawapo kati ya hizi:

- Kuchemsha: yaache yatokote kabisa kwa dakika moja, yapoe yakiwa yamefunikwa. Yakiwa na takataka, chuja kwanza kwa kitambaa safi.
- Dawa ya maji kama WaterGuard: fuata kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti au chupa, kwa sababu nguvu hutofautiana. Koroga, subiri dakika 30.
- Jua: jaza maji meupe kwenye chupa safi za plastiki zinazoonyesha, zisizozidi lita mbili, zilaze juani kwa saa sita. Siku ya mawingu zaidi ya nusu ya anga, ziache siku mbili.

Hii ya mwisho inafaa pale mkaa ulipopanda bei na duka la dawa liko ng'ambo ya kijito. Lakini mvua ikinyesha mfululizo haitegemeki, hivyo weka pakiti ya dawa ya akiba ndani.

Ukishayatibu, yasichotwe kwa kikombe na mkono unaogusa maji. Tumia ndoo yenye koki au mtungi wenye kifuniko na kata ya mpini mrefu. Maji safi mengi huharibikia ndani ya nyumba, si kwenye tenki.

Pesa haitoshi? Anza hivi

Si kila kaya ina uwezo wa simtanki la lita 5,000, na kulifikisha visiwani kwa boti ni gharama nyingine. Panga kwa mafungu:

1. Fagia paa, rekebisha gata lililopo, osha pipa au tenki ulilonalo. Hii ni nguvu yako na pesa kidogo.
2. Ongeza gata upande wa pili wa nyumba.
3. Weka bomba la maji ya kwanza na wavu wa mbu.
4. Jenga msingi imara, hata kama tenki bado hujalinunua.
5. Nunua tenki. Majirani au kikundi cha kukopeshana wanaweza kununua kwa zamu, mwaka huu nyumba moja, mwaka ujao nyingine.

Cha kuanzia leo ni kidogo tu. Chukua ndoo moja ya maji, mwaga juu ya gata, kisha nenda kwenye tenki uangalie imefika kiasi gani. Kinachopotea njiani ndicho cha kurekebisha kabla ya Machi.